Gari Halianikwi kama Kahawa

Hakuna mtu katika Buhembe yote aliyejua kuosha gari kumshinda Klaudia. Hivyo ndivyo alivyomwambia jirani yake Damian Ijumaa ile asubuhi, mikono kiunoni, kidevu juu, kama mtu aliyezaliwa ndani ya gereji. Kisha akaona Damian anavyomtazama, akakohoa kidogo.

"Isipokuwa sijawahi kuliosha," akaongeza. "Hata baiskeli ya marehemu mume wangu ilikuwa inaoshwa na mvua. Lakini sufuria zangu umeziona, tata. Mtu anaweza kunyolea ndevu mbele yake."

Alimwita tata, baba, kama akina mama wa Kihaya wanavyowaita wana wao wanapowataka kitu. Damian alikuwa mwanamume mzima mwenye mvi za kwanza, lakini neno hilo lilimlainisha kila mara, na Klaudia alilijua hilo kama alivyojua mahali alipoficha sukari.

"Mama, gari si sufuria," akasema Damian.

"Kwani nimesema nitalitumia kupikia?"

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Macho ya Klaudia yaliwahi kuingia ukungu, ule ugonjwa unaoitwa mtoto wa jicho. Ukungu ukazidi mpaka siku moja akauamkia mgomba kwa heshima zote akidhani ni mchungaji, akarudi nyumbani amesikitika kwamba wachungaji wa siku hizi wana kiburi. Damian ndiye aliyempakia katika gari lake na kumpeleka Muleba kwa madaktari wa macho. Wakaenda kupimwa, wakaenda kwa jicho la kulia, wakaenda kwa jicho la kushoto, wakaenda tena kwa ajili ya dawa za matone. Kila safari alimkalisha kiti cha mbele na kumfunika magoti kwa shuka. Bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona Klaudia duniani kilikuwa uso wa Damian. Kusema kweli alikuwa ameufikiria mzuri zaidi, lakini aliupenda palepale.

Tangu hapo hakuwa ameweza kumshukuru. Si kwamba hakujaribu. Alimpelekea mkungu wa ndizi; Damian akaupika na kumwita aje kula, na Klaudia akajikuta amemeza nusu ya shukrani yake mwenyewe. Alimpelekea jogoo, Damian akamfungua miguu, na jogoo akafika nyumbani kabla ya Klaudia. Akitaka kusema maneno, Damian anatazama saa, anakumbuka jambo, anakwenda zake.

Kwa akina Klaudia shukrani haikuwa kitu cha kutupiwa mtu njiani. Ulisimama mbele ya aliyekutendea, ukasema maneno yako mpaka mwisho, naye akajibu, "Nimepokea." Asipojibu, jambo bado liko mikononi mwako. Linabaki nyumbani kama mgeni aliyenyimwa kiti: haketi, haondoki.

Na muda ulikuwa unakwisha. Damian alikuwa amehamishwa kikazi kwenda Biharamulo. Kesho yake ilikuwa harusi ya mpwa wake Jovitha, huko Kagoma, njia ya Muleba, na gari la Damian ndilo lililochaguliwa kumbeba bibi harusi. Mkewe alishatangulia kusaidia kumenya ndizi. Harusi ikiisha, vyombo vinapakiwa. Klaudia aliona wazi kwamba asiposhukuru leo, atashukuru kwa barua, na yeye na barua hawakuwahi kupatana.

"Leo nakabidhi ofisi," akasema Damian, akitazama saa yake kama kawaida. "Nilitaka kulipeleka kwa vijana wa mjini, ila siku ya Ijumaa pale kuna foleni..."

"Basi Mungu amekataa foleni. Lete gari."

Akalileta. Akaliegesha katikati ya uwanja wa Klaudia, pale palipokuwa peupe, ambapo kahawa ilianikwa wakati wa msimu. Akamwomba asitumie dodoki la chuma, akamwomba tena, akapanda bodaboda akaenda.

*

Benigna alifika kabla vumbi la bodaboda halijatua. Benigna alikuwa wifi yake Klaudia, dada wa marehemu, nyumba zao zikitenganishwa na ua wa miti tu. Klaudia alikuwa Mlutheri na Benigna Mkatoliki, na kwa miaka yote walikuwa wakitaniana juu ya nani atamfungulia nani mlango wa mbinguni.

"Nimesikia umekuwa fundi," akasema Benigna. "Nimekuja kuangalia ajali."

"Shika kitambaa, wifi. Ukiangalia bila kushika utahesabiwa mbea."

Gari lilikuwa la bluu iliyoiva, karibu na nyeusi. Wakalimwagia maji ya pampu, yaliyokuwa safi kama machozi, wakalisugua kwa sabuni na kitambaa laini, wakalisuuza kwa ndoo baada ya ndoo. Jua lilikuwa limeshapanda. Walipomaliza, gari lilimeremeta, maji yakichuruzika kila upande, na Klaudia alisimama mbele yake kama bibi harusi ni yeye.

"Tulifute?" akauliza Benigna.

"Kufuta nini, na jua lote hili? Kahawa ikioshwa inafutwa na taulo? Inaanikwa. Sahani zinafutwa? Zinapangwa kichanjani. Mungu ameweka kitambaa chake juu mbinguni, wewe unataka kutumia cha kwako."

Benigna hakuona kosa katika hoja hiyo. Nyumba ile ilikuwa imelelewa na jua. Kila kilichokuwa kibichi kililetwa uwanjani, na kila kilichotoka uwanjani kilikuwa kizuri kuliko kilipoingia. Wakaenda kuketi barazani, wakatafuna buni za kuchemshwa, wakamsema mtu mmoja wa kwaya ambaye si lazima atajwe hapa. Jua likafanya kazi yake.

Klaudia alipoinuka kwenda kuligeuza, kwa mazoea, kama kahawa, alisimama njiani.

"Bambe!" akasema kwa mshtuko. "Benigna. Njoo uone."

Gari lilikuwa limegeuka kanga. Kanga yule ndege, mwenye madoa. Juu ya boneti, juu ya paa, milangoni, hata kwenye vioo, palikuwa na vidoa vyeupe, vya mviringo, kila kimoja na ukingo wake kama kimechorwa na mtu mwenye subira na roho mbaya.

Benigna alikunja uso, akasogea, akasogea tena mpaka pua ikagusa mlango. "Mimi naona gari zuri," akasema.

"Wewe hujafanyiwa macho."

"Na hilo ndilo linalonisaidia kuishi kwa amani."

Lakini Klaudia hakucheka. Aliona vyote. Macho aliyopewa, macho yaliyosafirishwa mpaka Muleba na kurudishwa kwa shuka juu ya magoti, yalimwonyesha kila doa, na kila doa lilikuwa kwenye gari la mtu yuleyule. Jovitha atashuka kanisani kutoka ndani ya kanga. Watu watauliza gari limeoshwa na nani. Damian, kwa wema wake, atasema halina neno, na shukrani itakuwa imeharibikia mkononi.

Alichovya kitambaa, akafuta doa moja. Likatoweka. Akashangilia. Alipofika kwenye taa ya mbele na kugeuka nyuma, doa lilikuwa limekauka na kurudi mahali pake, limeketi.

"Hilo si doa, ni mzimu," akasema Benigna, akifanya ishara ya msalaba. "Tutie majivu. Majivu na mchanga kidogo. Sufuria..."

"Wifi, ukigusa gari hili na mchanga nitakuzika humu humu uwanjani na nitaanika kahawa juu yako."

"Basi tulisukume kule migombani, kwenye kivuli, lisionekane."

"Migombani! Utomvu wa mgomba ukidondoka hapa hautoki hata kwa novena. Tulia nifikiri."

Kufikiri kwa Klaudia kulihitaji chai. Akaingia jikoni, akaondoa mekoni birika kubwa, lile la maji ya kunawa wageni, akalifunua amwage mabaki ya asubuhi. Akabaki ameinama. Ndani, chini kabisa na kupanda ubavuni, birika lilikuwa na ukoko mweupe. Aliujua ukoko ule miaka na miaka. Ulitokana na maji ya pampu, ambayo ukiyachemsha yanakwenda zake na mvuke na kuacha mizigo. Birika dogo la chai, ambalo kwa uchoyo wake alilijaza maji ya mvua tu, lilikuwa jeusi safi ndani, halina hata unga.

Akatoka mbio, kadiri goti lilivyomruhusu.

"Wifi! Si uchafu. Ni chumvi ya ardhini. Maji yameruka, chumvi imebaki. Jua ndilo lililoipika pale. Nimelichemsha gari la watu kama birika!"

"Sasa ukoko wa birika unautoaje?"

"Kwa limau."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakatazama mlimau wa Benigna, juu ya ua.

*

Hawakuanza mara moja, kwa sababu bati la gari lilikuwa la moto kiasi cha kukaangia senene. Klaudia, aliyekuwa amelisifu jua asubuhi nzima, sasa alikaa barazani akilitazama kama mgeni asiyejua kuaga. Walisubiri mpaka kivuli cha nyumba kikatambaa uwanjani, kikapanda magurudumu, kikalifunika gari lote. Klaudia akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi.

Akafungua tangi la mvua. Maji yale aliyatunza kuliko heshima yake. Aliyapitisha kwenye kitambaa kuondoa takataka za mabati, na hata mchungaji alipokuja alinawishwa kwa ya pampu. Leo alijaza ndoo bila kusita. Akakamua malimau katika beseni, akayazimua kwa maji mengi, akajaribu kwanza chini ya mlango wa nyuma, mahali ambapo hata fitina isingeinama kutazama. Akasugua taratibu kwa kitambaa laini, akasuuza upesi, akafuta. Akasubiri.

Doa halikurudi.

"Kasinge!" akapiga kelele Benigna, kama watu wanavyompongeza aliyejifungua.

"Subiri kwanza. Toa rozari mkononi, itachora rangi."

"Rozari haichori. Inabariki."

"Ibariki kutoka mfukoni."

Wakaanzia juu, kwenye paa, wakashuka. Kipande kimoja kwanza, kidogo, mpaka kiishe ndipo cha pili. Benigna alisugua na limau, Klaudia alisuuza. Akagundua kwamba akirusha maji kama mtu anayefukuza mbuzi, yanatapakaa na kuacha matone mengi. Lakini akiyamwaga polepole kwa jagi, kutoka juu, yanashuka kwa pamoja kama shuka linalovutwa kitandani, yanachukua matone yote na kwenda nayo. Akamwaga hivyo. Na kabla hata tone moja halijapata nafasi ya kufikiri kukauka, kitambaa kilikuwa kimefika.

Kitambaa nacho kilikuwa na kesi yake. Benigna alileta kitenge kipya, kwa moyo mweupe kabisa, lakini kitenge kipya kina wanga na kiburi. Kilisukuma maji huku na huku bila kuyanywa. Klaudia akaingia ndani akatoka na khanga yake kuukuu, iliyofuliwa mpaka maandishi yake yakakata tamaa. Akaichana vipande. Ile ilikunywa maji kama mjomba kwenye harusi.

"Hiyo si ndiyo uliyokwenda nayo Muleba?" akauliza Benigna. Hakuwa anatania sasa.

"Ndiyo."

"Na umeichana."

"Ilikuwa inanifuta machozi kwa sababu sioni. Sasa naona. Acha nayo ifute kitu kingine."

Benigna akapokea kipande chake, na kwa muda walifanya kazi bila utani, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu matanga ya marehemu. Klaudia alifuta huku midomo yake ikicheza. Alikuwa anajaribu maneno. Kila kipande cha gari alikipa neno moja: paa, kwa barabara; mlango wa mbele, kwa kiti; boneti, kwa lile shuka la magotini. Alipofika kwenye kioo cha pembeni aliona kikongwe mmoja anamtazama, mwenye macho mawili mazima, na akampa huyo naye neno lake.

Walidhani wamemaliza. Ndipo tone likajitokeza chini ya kile kioo, likateremka mlangoni kama mwizi aliyekuwa darini. Kisha lingine kwenye mshikio wa mlango. Klaudia akafungua milango yote na buti, akafuta kingo, mikunjo, nyuma ya namba, kila mahali maji yalipokuwa yamejificha yakisubiri wazee wachoke. Akafunga milango, akafungua tena, akafuta tena. Safari hii hapakutoka kitu.

Gari lilisimama kivulini, bluu iliyoiva. Mawingu yote ya Bukoba yalikuwa juu ya boneti, yakipita.

"Hata mimi naona," akasema Benigna taratibu.

*

Damian alirudi jua likikaribia kuzama, na hakuwa peke yake. Alifuatana na dada yake Elieth, mama wa bibi harusi, aliyekuwa amekuja mjini kuchukua gauni kwa fundi. Alilibeba begani ndani ya mfuko wake mrefu, kama mtu aliyebeba mgonjwa. Wangeondoka wote jioni hiyo hiyo kwenda Kagoma.

Damian alisimama. Akalizunguka gari polepole, akarudi alipoanzia. Akainama karibu na mlango, akajiona, akaweka sawa ukosi wa shati.

"Mama," akasema, "vijana wa mjini hawajawahi kulifanya hivi."

"Wao wanawahi foleni," akasema Klaudia. "Usiku umande utalilalia. Alfajiri ufute kabla jua halijaliona. Hapa kuna kitambaa. Usiliachie jua, tata. Jua ni la kahawa."

"Anayajua sana hayo," akasema Benigna. "Tangu mchana."

Klaudia akamkanyaga mguu. Kisha akajifuta mikono, akafunga vizuri kitenge chake kiunoni, akasimama mbele ya Damian, katikati ya uwanja. Benigna akaweka ndoo chini. Elieth naye, aliyekuwa ametoka katika nyumba ambamo mambo haya yanajulikana, akashusha mfuko wa gauni begani na kuushika kwa mikono miwili.

"Damian," akaanza Klaudia, "nilikuwa nimekaa gizani. Wanangu wako mbali, nami sikumpigia mtu kelele. Wewe ulikuja ukanishika mkono. Kwa barabara uliyonipitisha, nashukuru. Kwa kiti cha mbele, nashukuru. Kwa shuka ulilonifunika magoti, na mimi si mama yako wa kunizaa..."

"Hapana, mama, hapana," Damian akamkatiza, akicheka kicheko kile cha kukimbilia, na mkono tayari unatafuta saa. "Usinishukuru kwa jambo dogo. Mimi nilikuwa naenda zangu. Kila nilipokupeleka Muleba nilikuwa na safari yangu ya Kagoma, kumwona dada. Kiti kingekwenda kitupu. Sasa mtu anashukuriwa kwa kiti?"

Klaudia akabaki na maneno mdomoni. Yalikuwa yamebaki mengi, na mazuri.

"Kumwona dada yupi?" akauliza Elieth.

Damian akamtazama kama mtu aliyesahau kwamba amekuja naye.

"Si wewe."

"Si mimi? Au ni mimi?"

"Ni wewe. Elieth, hebu tupakie, giza linaingia."

"Giza liache liingie, lina kwao." Elieth akamgeukia Klaudia. "Mama, huyu mara ya mwisho kukanyaga kwangu, nyumba ilikuwa ya mabati ya zamani. Nimeezua, nimeezeka upya, nimejenga jiko la nje, na binti amepata mchumba. Jiko hajaliona. Mchumba hajamwona. Nimeshawaambia watu kaka yangu amenitupa."

"Nilikuwa napita haraka haraka," akasema Damian.

"Ulipita wapi? Juu?"

Benigna akaona ni vyema kuketi. Klaudia hakuketi. Alimtazama Damian kwa macho yake yote mawili, na polepole akawa anakumbuka mambo aliyoyasikia bila kuyaona: mlango wa gari ukifungwa pale pale nje ya hospitali, sauti ya mtu akikohoa kwenye benchi la ukumbini, asubuhi mpaka jioni, kikohozi kilekile.

"Tata," akasema. "Na ile chai ya chupa uliyokuwa unaniletea wodini? Yenye tangawizi. Ukaniambia imepikwa na dada yako Kagoma, na kwamba ananisalimia sana."

"Chai?" akasema Elieth. "Mimi na tangawizi tuna ugomvi tangu utoto."

Watu wote wakamgeukia Damian. Alitazama saa yake, na saa haikumsaidia. Akatazama viatu.

"Niliinunua pale getini," akasema. "Safari ilikuwa yako tu, mama."